Jina la Pili

Kasha la kadi la Dokta Gaspari nililichukia kabla halijataka kutuulia mtu. Nasema bila kuficha, na yeye mwenyewe nilimwambia. Lilikuwa kasha la mbao, refu kama kitanda cha mtoto, limegawanywa kwa vipande vya katoni vyenye herufi, na kila mgonjwa wa zahanati yetu alikuwa na kadi yake humo. Ugonjwa wako, dawa ulizopewa, yaliyokupata baada ya dawa, vyote viliandikwa pale. Jambo zuri, sikatai. Ubaya ni kwamba kadi zilipangwa kwa jina la pili. Na jina la pili la mwanamke aliyeolewa, kwa maagizo yaliyotoka juu, lilikuwa jina la baba wa mume wake.

Sasa nenda kamwambie mwanamke wa kwetu, aliyeolewa kwa heshima zake, asimame dirishani mbele ya watu ataje jina la baba mkwe.

Kwetu mkamwana halitamki jina hilo. Halitamki akigombana, halitamki akiwa na homa. Hata jirani mwenye jina kama lile unamtafutia jina lingine la kumwitia. Mke naye hamwiti mume wake kwa jina. Ni baba fulani, basi. Mimi nilifundwa hivyo na mama yangu, na nilipofika kwa mume nikafundwa tena na mama mkwe, ambaye kwa mambo ya heshima hana mchezo. Aliniambia mwanamke mwenye mimba akilitamka, mimba haikai.

Kwa hiyo Dokta alipouliza, "Jina la pili?" wanawake walimpa lolote lililokuja mdomoni. Leo la baba mzazi, kesho la kaka, keshokutwa la mchungaji aliyewabatiza. Kadi haionekani, Dokta anafungua mpya. Mtu mmoja akawa na kadi chungu nzima, na hakuna hata moja yenye habari zake zote. Dokta akakasirika, akasema wanawake wa kijiji hiki hamjui hata majina yenu. Nilimjibu, "Majina yetu tunayajua. Kasha lako ndilo lisilotujua sisi." Alidhani natania. Sababu hatukumweleza, maana ukimweleza mtu kwamba kuna jina hulitaji, kitu cha kwanza atakachokuuliza ni jina gani hilo.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa sabini na tano. Operesheni ya vijiji ilikuwa imetuhamishia kijiji kipya upande wa Iguguno, nyumba zimepangwa kwa mistari, na majirani kila mmoja katoka kwao. Kule tulikotoka watu walijua wewe ni mkamwana wa mzee gani bila kuuliza. Hapa ukawa mama fulani tu. Marietha, mke wa shemeji yangu Melkiori, alikuwa Mama Damiani kwa watu wote. Mimi niliitwa Dorika, maana sikuwa na mtoto wa kuitiwa. Mimba mbili zilikuwa zimenitoka. Hii ya tatu ilikuwa imevuka pale zile zilipoishia, na mama mkwe alinichunga kama yai. Ndoo ya maji sikunyanyua. Kuni sikukata. Ukali wake wote ulikuwa umegeuka ulinzi, na nilichoka nao na kuushukuru kwa pamoja.

Marietha alianza na kikohozi. Akasema kitapita. Kikashuka kifuani, akawa anapumua kwa shida na kushika ubavu, bado akasema kitapita, maana ni mtu mbishi vilevile kama mimi. Asubuhi moja nilimkuta ameketi mlangoni hanijui. Mwili ulikuwa wa moto.

Wanaume wote walikuwa shamba la kijiji, ng'ambo ya mto. Baba mkwe alikuwa amepeleka ng'ombe bonde la Wembere. Tukabaki mimi na mama mkwe. Tukamshika Marietha huku na huku, tukamkokota mpaka zahanati, miguu yake ikiburuta vumbi.

Wagonjwa wa asubuhi walikuwa wameshaondoka, na Dokta alikuwa peke yake ananawa mikono. Alikuwa kijana wa Songea, mwembamba, mwenye haraka. Tulimlaza Marietha kitandani, akamwekea mpira wake wa kusikilizia mgongoni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Uso ukambadilika.

"Kwa nini mmechelewa?"

"Tumeshafika," nilisema. "Mtibu kwanza, utatugombeza baadaye."

Akawasha jiko la mafuta, akatia bomba na sindano kwenye sufuria ya maji ili vichemke. "Mapafu yamejaa," alisema. "Kumeza hawezi. Nitamchoma penisilini sasa hivi, halafu tutafute gari la kumpeleka Kiomboi."

Aliposema kuchoma ndipo nilipokumbuka. Kabla ya kuhamishwa, Marietha aliwahi kuugua, Melkiori akampeleka zahanati ya kule kwetu, kwa Nesi Theresia. Walimchoma sindano moja jioni na nyingine asubuhi. Baada ya moja ya hizo alivimba. Macho yakafumba, midomo ikajaa, koo likaanza kupiga mluzi. Nesi Theresia alihangaika naye kufa kupona. Alipopona, Nesi alimwambia Melkiori dawa ile isiingie tena katika mwili wa mke wake maisha yake yote, na akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu. Wino niliuona kwa macho yangu.

Nilimweleza Dokta. Mkono wake ukasimama juu ya kichupa cha dawa.

"Ilikuwa dawa gani?"

"Mimi najua sindano tu, Dokta. Jina la dawa sikuambiwa."

Akamgeukia mama mkwe. Naye akatikisa kichwa.

"Hapa nina dawa mbili tu za kuchoma," Dokta alisema polepole. "Penisilini na streptomaisini. Wakati ule wote walikuwa wanachoma hizo mbili. Kwa hiyo mojawapo ndiyo iliyomvimbisha. Alivyo sasa hivi, nikikosea atafia mikononi mwangu, na nisipomchoma chochote atakufa vilevile." Akapangusa jasho. "Kadi za Nesi Theresia zote zililetwa hapa. Nimezipanga mwenyewe. Kadi yake imo humu. Jina?"

"Marietha."

"La pili?"

Mama mkwe akaanza kumpangusa Marietha uso kwa pembe ya kanga, ingawa alikuwa ameshampangusa.

"Jina la pili, dada. Mume wake ni nani?"

"Melkiori."

"Melkiori nani?"

Pale pale tena. Kila njia aliyoshika ilimrudisha kwenye jina lile lile. Nilimpa jina la baba mzazi wa Marietha. Akachambua, akarusha mkono, hakuna. Nilijua haliko. Kadi ile aliiandikisha Melkiori mwenyewe, na Melkiori hakuwa na sababu ya kuficha jina la baba yake.

Dokta akaacha kuuliza, akavuta kasha lote juu ya meza, akaanza kupekua kadi moja moja tangu herufi ya kwanza. Zilikuwa nyingi, za vijiji vitatu vilivyounganishwa, na nusu yake ni zile kadi za wanawake waliodanganya. Nyingine zimeshikana kwa unyevu. Maji kwenye sufuria yakaanza kuimba. Marietha alivuta pumzi, akatulia, nikadhani basi, akavuta nyingine.

"Hivi mnanificha nini?" Dokta alisema bila kuinua kichwa. "Huyu ni mtu wenu."

Hapo ndipo hasira ziliponipanda, na sijui nilimkasirikia nani. "Hatukufichi. Hatuwezi. Ni jina la baba mkwe wetu, na kwetu mkamwana halitamki. Ndiyo sababu wanawake wote wanakudanganya pale dirishani. Sasa umejua."

Akainua kichwa. Nilingojea acheke. Hakucheka, na kwa hilo nampa heshima yake mpaka leo. Alimtazama mama mkwe. "Na mama huyu?"

"Huyu ni mke wake. Naye halitamki."

"Basi niandikie."

Kisomo cha watu wazima kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza, na mimi nilikuwa nimefika kwenye a, e, i, o, u. Jina lenyewe halianzi na hizo. Hapo nimeshasema mengi kuliko inavyotakiwa.

"Balozi wenu wa nyumba kumi je? Mwenyekiti?"

"Wako shambani."

"Katibu?"

"Amekwenda Kiomboi kwenye mkutano, na ufunguo wa ofisi anao yeye."

Mimi na tumbo lile, mama mkwe na magoti yake, kwenda ng'ambo ya mto na kurudi ilikuwa mpaka jua lizame. Dokta hakuweza kumwacha mgonjwa. Akarudi kwenye kadi zake. Maji yakachemka kwa nguvu, kifuniko kikaanza kugonga. Akazima jiko. Akaunganisha bomba na sindano, akavuta dawa kutoka kwenye kile kichupa alichokishika tangu mwanzo, akaliweka bomba kwenye sinia.

"Siwezi kungoja zaidi," alisema. "Nitamchoma hii. Penisilini ndiyo yenye nguvu kwa mapafu. Mungu atusaidie."

Nilimtazama Marietha. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Mwanamke huyu ndiye aliyenifundisha kupika ugali wa watu wengi nilipoolewa, ndiye aliyelala nami mimba ya kwanza ilipotoka, na ya pili pia, akinishika mkono wala asiniambie nitapata mwingine kama wengine wote walivyoniambia. Nikaweka mkono tumboni. Mtoto akacheza. Nilimpenda mtoto yule, jamani, sijui niseme vipi. Niliogopa. Lakini nilijua nikinyamaza nitazaa, na kila nikimtazama mwanangu nitamwona Marietha.

Nikasimama. "Dokta, acha sindano. Jina la pili ni..."

Kiganja cha mama mkwe kikanifunga mdomo.

Alikuwa ameruka kutoka upande wa pili wa kitanda, mwanamke yule anayelalamika magoti kila siku. Nilidhani ananikataza. Nikaukamata mkono wake nikautoa kwa nguvu, mimi niliyekuwa simwangalii hata usoni. "Mama, atakufa."

"Najua," alisema. "Nyamaza wewe. Una mtoto tumboni."

Akageukia ukuta. Akajifunika kanga kichwani mpaka machoni. Alikuwa ameishi na mzee yule tangu enzi za Mwingereza, akamzalia, akamzikia watoto, akahama naye mara mbili, na jina lake halikuwahi kupita mdomoni mwake. Akalisema.

Alilisema chini chini, kama mtu anayesema na ukuta.

"Sikusikia, mama," Dokta alisema. "Samahani. Rudia."

Nilitaka kumpiga. Nilimwona mama mkwe akiinamisha kichwa, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akaiteremsha kanga, akageuka, akamtazama Dokta machoni, akalisema kwa sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa shamba. Mimi nikaziba masikio, nimechelewa.

Dokta akaenda moja kwa moja kwenye kipande chake cha katoni. Hata hakupekua. Akavuta kadi, akaisoma, akaketi kwenye kiti.

"Ni ipi?" niliuliza.

Alinyosha kadi niione, na mimi niliona wino mwekundu tu. Kisha akachukua lile bomba kwenye sinia, akaiminya dawa yote kwenye ndoo ya taka.

"Penisilini," alisema.

Akachemsha bomba jingine. Tukangoja maji upya, sisi watatu. Akamchoma Marietha streptomaisini, akamkalia pembeni na kumshika mshipa wa mkono. Hakuvimba. Alasiri gari la kijiji likapatikana, wakampeleka Kiomboi hospitali. Alirudi amekonda, hana nguvu ya kubeba hata kibuyu, lakini alirudi kwa miguu yake, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kuniuliza nani aliyeunguza sufuria yake.

Mama mkwe hakulala nyumbani kwake siku ile. Alikuja kwangu na mkeka, akasema hawezi kuingia nyumba ya mtu aliyemvunjia heshima mpaka mwenyewe arudi aambiwe. Mzee aliporudi kutoka Wembere, mama mkwe alimwambia amesimama nje, mbele yetu sote, hakupunguza kitu. Kwamba amelitaja. Kwamba amelitaja mara mbili. Mzee alikwenda zizini kuhesabu ng'ombe zake.

Siku zikapita. Chakula alikula cha kwangu au cha Marietha, cha mkewe hakugusa. Mama mkwe akaendelea kulala kwangu, akawa anapungua. Nilimwambia mume wangu aseme na baba yake, akaniambia mambo ya wazee tuwaachie wazee. Basi nikaona nisemee mwenyewe. Kusema na baba mkwe uso kwa uso siwezi, lakini hakuna aliyenikataza kusema na kuku. Jioni moja mzee ameketi uani, nikatoka na mtama, nikawamwagia kuku, nikawaambia kwa sauti, "Nyinyi kuku, mnamwona Mama Damiani yule anatembea? Mnajua kwa nini hatukumzika? Nendeni zahanati mkaulize. Kadi ipo. Na huyu nitakayemzaa, mkimwona, mjue ni nani aliyemkingia." Niliwaambia kuku mengi. Mzee alikuwa anatazama upande mwingine.

Asubuhi alikwenda zahanati. Alimwambia Dokta ana kikohozi, ila hakuwa na kikohozi chochote. Alimwomba amsomee kadi ya mke wa mwanawe, yote, na wino mwekundu pia. Dokta alinisimulia baadaye kwamba alipofika kwenye jina, mzee alimwinulia mkono asiendelee kusoma. Akarudi nyumbani, akapita mlangoni kwangu bila kuingia.

"Mwambieni Mama Melkiori," alisema, "moto wa nyumbani umezimika."

Mama mkwe akakunja mkeka wake.

Dokta Gaspari naye hakulala kwenye jambo hili. Kwanza alitaka kupanga kadi kwa tarehe ya kuzaliwa. Nikamuuliza nani kijijini anayeijua yake, akaiacha. Tukabishana siku nyingi, mimi na yeye na Marietha, na wanawake wengine wakitia neno dirishani. Mwishowe akapanga kwa balozi. Kila nyumba kumi sehemu yake ndani ya kasha, kila nyumba na namba yake, na ndani ya nyumba kila mtu jina lake mwenyewe. Jina la pili aliacha kuuliza. Na yeyote mwenye dawa inayomdhuru, kadi yake ilipakwa rangi nyekundu pembe nzima, ionekane kabla hujasoma. Alikuja mtu kutoka juu kukagua, akamfokea kwa kuvunja utaratibu. Dokta akamwomba ataje mgonjwa yeyote kijijini, akamtolea kadi yake palepale. Yule mtu akaandika kitu kwenye daftari lake na kuondoka, na kasha likabaki hivyo.

Mimi nilizaa msimu wa mavuno. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti. Baba mkwe ndiye aliyempa jina. Alimbeba mlangoni, watu wamejaa, akampa jina la mke wake. Alilitaja kwa sauti, yeye ambaye maisha yote alikuwa akimwita Mama Melkiori. Mama mkwe alikuwa jikoni, na nilisikia kijiko kikianguka.

Nikampeleka mtoto zahanati kupimwa, bibi yake akanisindikiza. Dokta akafungua kadi mpya, akaandika balozi, akaandika namba ya nyumba.

"Jina la mtoto?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Lilikuwa jina la mama mkwe wangu, nalo silitamki. Yeye amekaa pale pale kando yangu.

Dokta akainua kichwa. Akanitazama mimi, akamtazama mama mkwe, akaweka kalamu chini. "Dorika," alisema, "tena?"

Ila safari hii nilikuwa nimeshamaliza kisomo. Nikampa mama mkwe mtoto, nikachukua kalamu, nikavuta kadi. Niliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, ulimi nimeutoa nje kama watoto wa darasa la kwanza. Nilipomaliza nikaitazama, ikawa sawa.

Mama mkwe alisogeza kichwa juu ya bega langu. Yeye kisomo alikikataa, alisema macho yamechoka.

"Umeandika nini hapo?" aliuliza.

"Nimekuandika wewe, mama," nikasema.

Akaichukua kadi kwa mkono wake usio na mtoto. Aliishika kichwa chini miguu juu, na hakuna aliyemgeuzia.